ELM327 kwenye Mercedes-Benz C-Class ya zamani: kifaa kidogo, kazi finyu, faida kubwa

Mercedes-Benz C-Class ya umbo la W203, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, leo inapatikana Dar es Salaam kwa bei ambayo mtu angenunulia gari dogo la kawaida, na ndiyo maana imeingia mikononi mwa watu wengi wasio na uwezo wa kulipeleka gari kwa wakala kila taa inapowaka. Mengi yaliyoko mitaani yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, na sehemu kubwa yana injini ya M271, yaani ile ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,796 na supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iliyouzwa kwa majina ya C180 Kompressor na C200 Kompressor. Tathmini hii inahusu ELM327, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na kupeleka taarifa za kompyuta ya injini kwenye simu kwa bluetooth, kikitumika kwenye gari la aina hiyo. Ninakipendekeza bila kusita, lakini kwa kazi iliyo finyu kuliko wauzaji wanavyodai, na mipaka yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu mtu asiyeijua hupoteza pesa nyingi kwa vipuri ambavyo gari halikuvihitaji.

Jina ELM327 ni la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Toleo la kwanza la chipu hiyo halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, na vifaa vya bei ndogo vilivyojaa madukani ni nakala zake. Kwa mwenye W203 tofauti kati ya nakala na nakala ni jambo zito. Kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini nakala nyingi zinazojitambulisha kwa namba hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye Benzi ya zamani kuliko zile zinazojiita 2.1, ambazo aghalabu zimepunguzwa amri na njia za mawasiliano. Kompyuta ya injini ya gari hili hujibu kupitia waya mmoja, uitwao waya wa K, unaofika kwenye pini ya 7, kwa mwendo wa biti 10,400 tu kwa sekunde, wakati magari mapya hutumia mtandao wa CAN, yaani nyaya za pamoja ambazo kompyuta za gari hupashana habari kwazo. Nakala iliyopunguzwa inaweza kusoma Toyota mpya bila tatizo na kushindwa kabisa kuunganika na Benzi, kisha mwenye gari akaambiwa kwamba kompyuta ya injini imekufa. Nenda dukani na gari lako, ukijaribu kabla ya kulipa. Kwa sababu ya mwendo huo mdogo wa waya wa K, chagua pia vipimo vitatu au vinne tu vya kuonyeshwa kwa wakati mmoja. Ukijaza skrini nzima, namba zitachelewa kiasi cha kukosa maana.

Kabla ya kusoma msimbo wowote wa hitilafu, yaani namba ambayo kompyuta huiandika inapoona tatizo, soma volti. Betri nzuri iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6, na alteneta ikifanya kazi hupandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5. Gari lenye kompyuta nyingi namna hii likiwashwa kwa betri dhaifu, volti hushuka stata inapozunguka, na kompyuta kadhaa hulalamika kwamba hazikusikia wenzake, ingawa hakuna hata moja iliyoharibika. Kutafuta hitilafu za kompyuta kwenye gari lenye betri iliyochoka ni kazi bure. Kwa sababu hiyohiyo kifaa chenyewe kisiachwe kimechomekwa usiku kucha, kwani nakala nyingi haziendi usingizini na huendelea kunyonya umeme.

Msimbo unaojitokeza mara nyingi kwenye M271 yenye umri ni P0171, ambao maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi aliyezoea kubadilisha vipuri huanza na sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo iliyotoa taarifa, kisha huhamia kwenye sensa ya kupima hewa, na msimbo hurudi. Hapa ndipo ELM327 hurudisha gharama yake yote kwa siku moja, kwa sababu inaonyesha kitu kilicho muhimu kuliko msimbo wenyewe, nacho ni marekebisho ya mafuta. Kompyuta ya injini hupanga kiasi cha mafuta kwa hesabu, sensa ya oksijeni huijulisha kama hesabu imekaa sawa, nayo huongeza au kupunguza. Marekebisho hayo huandikwa kwa asilimia, yale ya muda mfupi na yale ya muda mrefu, na simu huyaonyesha yote mawili injini ikiwa inanguruma. Kwenye injini yenye afya jumla yake hukaa karibu na sifuri, na ikiwa ndani ya asilimia 10 kila upande hakuna cha kuhofia sana.

Soma namba hizo katika hali mbili. Kwanza, injini ikinguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta. Pili, ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikiwa marekebisho yalikuwa asilimia 20 au zaidi katika hali ya kwanza, kisha yakashuka kuelekea sifuri katika hali ya pili, kuna hewa inayoingia mahali isipopimwa, kwa maana tundu lisilobadilika ukubwa huchangia sehemu kubwa ya hewa injini ikiwa taratibu, na sehemu ndogo tu injini ikivuta hewa nyingi. Ikiwa ni kinyume chake, yaani namba ni za kawaida gari likiwa limesimama na zinapanda unapokanyaga mafuta kwenye mwinuko, basi mafuta hayafiki ya kutosha au sensa ya hewa inapima pungufu, na kinachofuata ni kupima presha ya mafuta na kuangalia chujio. Sijaona kipimo kingine cha bei ndogo kinachotenganisha sababu hizi mbili kwa uwazi namna hii, na inasikitisha kwamba wengi wanaokimiliki kifaa hiki hawafiki kwenye ukurasa huo wa programu. Husoma msimbo, wakaufuta, wakakirudisha kwenye droo.

Kwenye M271 tundu hilo mara nyingi liko kwenye mipira ya kupumulia ya injini, ile inayorudisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini hadi kwenye njia ya hewa. Mipira hiyo imepita chini, upande wa supachaja, mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi na joto ni kali, na baada ya miaka mingi hulainika kwa oili au hukakamaa na kupasuka. Njia ya uhakika ya kuipata iliyopasuka ni kupuliza moshi kwenye njia ya hewa na kutazama unapotokea. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo ukilinganisha na sensa ya hewa; gharama iko kwenye saa za fundi za kuufikia.

Hitilafu nyingine ambayo kifaa hiki kinaisaidia vizuri ni ya gari linalozima likishapata joto, tuseme kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro saa nane mchana, kisha likakataa kuwaka mpaka lipoe. Hapo washukiwa wakuu ni pampu ya mafuta na sensa ya krenkshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na mara nyingine hakuna msimbo wowote ulioandikwa. Gari likiwa bado limegoma, fungua kipimo cha mizunguko kwenye simu na uzungushe stata. Injini inayozungushwa na stata nzima huonyesha takriban mizunguko 150 hadi 300 kwa dakika; simu ikisoma sifuri huku stata inazunguka sawasawa, ishara ya sensa haifiki kwenye kompyuta, na utafutaji unaanzia kwenye sensa hiyo na waya wake. Mizunguko ikionekana kama kawaida, elekea kwenye mafuta. Kipimo hiki kina maana gari likiwa limegoma tu. Kesho yake asubuhi, limepoa na linawaka, halitakuambia chochote.

Msimbo wa P0016 ni wa kuheshimiwa. Unasema kwamba kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, na krenkshafti hazikubaliani, na kwenye M271 hilo linaweza kumaanisha kwamba cheni ya taimingi imerefuka au kwamba meno ya gia za kamshafti, zile zinazorekebisha majira ya valvu, yameliwa. Dalili ya mapema ni mlio wa kugongagonga wa sekunde chache asubuhi, injini inapowashwa ikiwa baridi. ELM327 itakupa msimbo huo, lakini haitakuonyesha cheni imechoka kiasi gani. Hilo linahitaji kifuniko cha valvu kifunguliwe na alama zitazamwe. Mwenye gari asiendelee kulitumia huku akisubiri, kwa sababu cheni ikiruka meno valvu hukutana na pistoni, na hapo matengenezo yanaweza kuzidi thamani ya gari.

Kabla ya kufikia hatua hiyo, kuna ukaguzi usiohitaji kifaa chochote, ambao ningeufanya kwenye kila M271 hata isiyo na taa iliyowaka. Mbele ya kichwa cha injini kuna sumaku mbili za kurekebisha kamshafti, kila moja na kiunganishi chake cha waya. Chomoa viunganishi hivyo. Ukikuta oili ndani yake, sumaku zimeanza kuvujisha, na oili hiyo husafiri ndani ya waya, kati ya nyuzi za shaba na ganda lake, taratibu lakini bila kukoma, mpaka ifike kwenye sensa ya oksijeni na kwenye kompyuta ya injini yenyewe. Gari lililofikia hapo huanza kumisi, kutoa misimbo isiyoeleweka na kubadilishiwa sensa moja baada ya nyingine bila nafuu. Tiba ya mapema ni sumaku mpya pamoja na kipande kifupi cha waya wa kati, ambacho hupokea oili ikivuja tena badala ya kuiachia iingie kwenye waya mkuu.

Sasa mipaka. Ndani ya W203 kuna mitandao miwili ya CAN, mmoja wa injini na mwendo na mwingine wa bodi, inayokutana kwenye swichi ya ufunguo, na kompyuta nyingi nyingine zina nyaya zake za K zinazofika kwenye pini tofauti za soketi ileile. ELM327 kwenye gari hili huongea na kompyuta ya injini tu. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki), ya ESP (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) au ya mifuko ya hewa ikiwaka, kifaa kitasema hakuna hitilafu, na mtu akiamini jibu hilo amejidanganya kuhusu breki zake. Ndivyo ilivyo pia kwa gia boksi ya otomatiki ya gia tano, ile ya 722.6, ambayo ikipata hitilafu hujifunga kwenye gia ya pili ili gari lifike nyumbani. Sababu zake za kawaida ni sensa za mwendo zilizo kwenye bamba la umeme ndani ya gia boksi, au oili ya gia inayovuja kwenye kiunganishi cha pini 13 na kupanda kwa waya hadi kwenye kompyuta yake. Mabokisi ya fyuzi yenye kompyuta ndani, yaitwayo SAM, nayo huharibiwa na maji; lile la ndani ya buti hupata maji yanayoingia kwenye mipira ya taa za nyuma. Hayo yote yako nje ya uwezo wa kifaa hiki.

Kwa hitilafu hizo tafuta fundi umeme mwenye Star Diagnosis, mfumo wa kiwanda, ambao kwa magari ya umri huu hutumia programu ya DAS, au walau mwenye skana ya mkononi iliyotengenezwa kwa ajili ya Mercedes. Mwombe akupe orodha ya kompyuta zote kabla hajagusa kitu, ikionyesha ni hitilafu zipi zipo sasa na zipi zimehifadhiwa tu kutoka zamani, kwa sababu nusu ya utata wa magari haya unatokana na hitilafu za zamani kutibiwa kana kwamba ni za leo. Ukiambiwa kompyuta ya injini ibadilishwe, usikimbilie kununua iliyotumika: imefungamanishwa na swichi ya ufunguo kwa mfumo wa kuzuia wizi, na ya gari jingine haitaliwasha lako kwa kuchomekwa tu.

Programu za simu zinazotumika na kifaa hiki, kama Torque ya Android, hufanya kazi ya kutosha. Nyingi zina kitufe cha kufuta misimbo kwa mguso mmoja, nacho kisiguswe mapema. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mizunguko, joto, mzigo na mwendo. Kufuta msimbo hufuta na kumbukumbu hiyo, na fundi anayekuja baadaye hana pa kuanzia. Piga picha ya skrini kwanza, tengeneza, ndipo ufute. Baada ya mpira wa kupumulia kubadilishwa, kwa mfano, kuzimika kwa taa si uthibitisho, kwa sababu taa huzimika kwa kufutwa tu. Endesha gari kama ulivyozoea, asubuhi na jioni, na uangalie marekebisho ya muda mrefu. Yakishuka hadi asilimia chache na kubaki hapo wiki nzima, injini ikiwa taratibu na ikiwa kwenye mizunguko 2,500, tundu limezibwa.