Bima ya gari kwa bei nafuu: pa kubana na pa kutogusa

Kila mwaka stika ikikaribia kuisha, swali tunaloulizana sisi wenye magari ni lilelile: nani anamjua wakala mwenye bei nzuri? Mimi mwenyewe nimeliuliza miaka kadhaa mfululizo, nikazunguka Posta mpaka Kariakoo nikitafuta wa kunipunguzia. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba hapa Tanzania bei ya chini ya bima ya gari haipangwi na kila kampuni inavyotaka. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, imeweka viwango vya chini, na kampuni hairuhusiwi kuuza chini ya hapo. Ndiyo maana ukiomba bei kwenye kampuni tano kwa gari dogo la kutembelea, unaweza kurudi na karatasi tano zenye tarakimu zinazokaribiana sana. Akiba ipo, ila imejificha kwingine: kwenye aina ya bima, thamani unayoandikisha, eksesi (ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe), na vile vipengele vidogo vya nyongeza ambavyo wengi hatuvisomi.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure. Chukua Toyota IST ya milioni 15. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu peke yake, yaani yule utakayemgonga, kwa gari binafsi ni shilingi 100,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 unalipa 118,000. Bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, kwa asilimia 2 ya thamani, ni 300,000, na VAT inakuwa 354,000. Bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe, kwa asilimia 3.5 ni 525,000, na VAT inafika 619,500. Kwa hiyo kati ya bima kubwa na bima ndogo kuna tofauti ya laki tano na kidogo kwa mwaka. Hiyo ndiyo pesa ya kuipigia hesabu kwa makini. Elfu ishirini ya kubembeleza kwa wakala haifui dafu mbele yake.

Aina za bima, kwa mpangilio wangu

Ya kwanza naiweka bima kubwa, kwa mtu ambaye gari lake likiharibika leo hana pesa ya kununua jingine. Hao ni wengi wetu. Gari la milioni 15 kwa mfanyakazi wa kawaida ni akiba ya miaka, au ni mkopo. Kama ni mkopo wa benki, mjadala umeisha, benki itakutaka ukate bima kubwa na jina lake liandikwe kwenye hati. Bima kubwa inakulipa wewe hata kama kosa ni lako, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Kwenye foleni ya Mandela Road hakuna anayeweza kuapa kwamba hatakosea hata siku moja.

Ya pili ni bima ndogo, na naiweka juu ya ile ya moto na wizi kwa sababu maalumu. Kama gari lako ni la zamani, tuseme Corolla ya milioni 5 ambayo fundi wako anaijua kila nati, na una milioni mbili tatu pembeni kwa dharura, bima ndogo inakutosha. Ila elewa unachonunua. Mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule uliyemgonga. Bima hii ni ya huyo wa tatu: majeraha yake, kifo chake, na mali yake kwa kiwango kilichoandikwa kwenye waraka. Bampa lako, taa yako na kioo chako havimo. Nimewahi kusimama na kijana mmoja pale Ubungo, mbele ya gari lake limebonyea mpaka kwenye rejeta, akinionyesha stika kwenye simu na kuniuliza apeleke wapi ili atengenezewe. Alikuwa na bima ndogo na kosa lilikuwa lake. Hakuwa ameambiwa na yeyote tofauti yake, na iliniuma kuwa mimi ndiye niliyemwambia.

Ya tatu ndiyo moto na wizi. Inaonekana kama njia ya katikati, lakini ajali za kugongana ndizo zinazotukuta mara nyingi, na hizo haizigusi upande wako. Inamfaa mwenye gari linalokaa sana limeegeshwa sehemu isiyo na geti wala mlinzi. Hata hapo, uliza kwanza kama wizi wa vifaa umo au ni wizi wa gari zima tu.

Thamani: hapa ndipo watu wanajiumiza

Njia rahisi ya kushusha bei ya bima kubwa ni kupunguza thamani ya gari kwenye fomu. Wakala wengine wanakushauri hivyo waziwazi: "Andika kumi tu, boss." Fanya hesabu kwanza. Gari la milioni 15 ukiliandika milioni 10, utalipa 413,000 badala ya 619,500. Umeokoa 206,500. Sasa pata ajali ya matengenezo ya milioni 3. Mkadiriaji wa kampuni akiona kwamba umekatia theluthi mbili ya thamani halisi, kampuni ina haki ya kukulipa theluthi mbili ya hasara, yaani milioni 2, kisha eksesi ikatwe humo humo. Milioni nzima imetoka mfukoni mwako kwa sababu ya laki mbili. Gari likiibwa au likiisha kabisa ndiyo mbaya zaidi, maana hutalipwa zaidi ya ile kumi uliyoandika.

Kuna kosa jingine la aina hiyo hiyo ambalo halina nia mbaya ndani yake. Mtu ameagiza gari Japani, karatasi inaonyesha bei ya kununulia na usafiri mpaka bandarini, naye anaandika hiyo hiyo kwenye fomu ya bima. Ushuru na kodi alizolipa TRA amezisahau. Gari likipotea, hilo jingine utakalonunua lina ushuru ndani yake. Thamani sahihi ni ile bei ambayo ungenunulia gari kama lako, la mwaka huo, kwenye yadi za hapa leo. Pita yadi mbili tatu, angalia matangazo ya kuuza mtandaoni, chukua bei ya katikati.

Na kinyume chake ni kweli pia. Usilipie hewa. Gari lililokuwa milioni 18 miaka mitatu iliyopita leo huenda ni 14, na wakati wa kufidia kampuni inaangalia thamani ya soko ya siku ya ajali. Nimeona watu wanahuisha bima kwa thamani ileile miaka minne, kwa sababu wakala ananakili tu karatasi ya mwaka jana. Kushusha thamani kufuata soko ni akiba halali kabisa, na ndiyo ya kwanza kuidai kila mwaka.

Eksesi na maandishi madogo

Eksesi ni sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Mara nyingi huandikwa kama asilimia ya dai, na chini yake pana kima cha chini. Hicho kima cha chini ndicho cha kukisoma kwa kidole. Mwaka juzi niliamka asubuhi Sinza nikakuta saiti mira zote mbili zimeng'olewa, waya zinaning'inia. Vioo vya kubadilisha pale Gerezani vilikuwa 280,000. Nikafungua waraka wangu: kima cha chini cha eksesi, 250,000. Kwa elfu thelathini ya kulipwa nilitakiwa nipate ripoti ya polisi, nijaze fomu, nipige picha, na nipoteze punguzo la mwaka usio na madai. Nililipa mwenyewe. Tangu hapo, nikilinganisha kampuni mbili zenye ada ileile, naanza na mstari wa eksesi.

Mambo mengine ya kulinganisha, kwa sababu hapa ndipo kampuni zinapotofautiana kweli: kioo cha mbele kinalipwa mpaka kiasi gani, gari la kuvuta linalipwa mpaka kiasi gani, mafuriko yamo au hayamo (mkazi wa bonde la Msimbazi hana haja ya kuelezwa), ghasia na migomo, na kama spea mpya zitakatwa kwa uchakavu wa gari lako. Uliza pia gereji. Kuna kampuni inakuruhusu kwenda kwa fundi wako baada ya makadirio kukubaliwa, na kuna inayokupeleka kwenye gereji zake tu. Mwenye Subaru ataelewa kwa nini nalisisitiza hili.

Punguzo la kutodai liombe kwa mdomo na kwa maandishi. Kama unahama kampuni, omba barua ya kuonyesha miaka uliyokaa bila madai.

Na matumizi ya gari, tafadhali, yasemwe ukweli. Jirani yangu Tabata alikatia Passo yake bima ya gari binafsi, halafu akaiingiza kwenye kazi ya kubeba abiria kwa aplikesheni. Alipopata ajali akiwa na abiria, swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa gari lilikuwa linafanya kazi gani saa hiyo. Dai likakataliwa. Bima ya biashara ni ghali zaidi, ndiyo, lakini ile aliyoilipia haikuwa na faida yoyote kwake kuanzia siku alipobeba abiria wa kwanza.

Pa kununua

Dalali wa bima aliyesajiliwa ndiye chaguo langu la kwanza. Anafanya kazi na kampuni nyingi, analetewa kamisheni na kampuni, na siku ya ajali unakuwa na mtu wa kumpigia anayejua nani wa kumsukuma. Mwambie akupe kotesheni tatu kwa maandishi, zenye thamani ileile, ili ulinganishe kitu kimoja.

Kwenda moja kwa moja kwenye kampuni ni chaguo la pili, zuri kama tayari unajua unachotaka. Benki nazo siku hizi zinauza bima, na ni rahisi kwa mteja wao, ila kwa kawaida utaonyeshwa kampuni chache zenye mkataba nao. Malipo ya kidogo kidogo wanayokupa mara nyingi ni mkopo, kwa kuwa bima haianzi kabla ada haijalipwa. Basi uliza riba kabla hujafurahi. Kukata bima ya miezi mitatu mitatu nako kunaonekana nafuu, lakini jumla ya mwaka hupita ile ya kulipa mara moja.

Wakala wa mwavuli na meza pembeni ya barabara naye anaweza kuwa halali, na wengi ni watu waaminifu wanaohangaika na maisha. Lakini akikupa bima ndogo ya gari binafsi kwa elfu sabini, simama. Ile 118,000 hawezi kuishusha yeye. Ama stika ni ya bandia, ama gari lako ameliandikisha kama kitu kingine, na vyote viwili utavijua siku umemgonga mtu.

Kwa hiyo kabla hujaondoka mezani, popote uliponunua, ingia kwenye mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima kwa simu yako mwenyewe, andika namba ya gari, usubiri. Soma jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, irekebishwe papo hapo. Trafiki naye anaangalia humo humo. Kisha dai waraka kamili wa bima, siyo risiti na stika peke yake, kwa sababu eksesi na yale maandishi madogo yote yamo kwenye waraka.

Kampuni ikikuzungusha kwenye madai, andika malalamiko kwao kwanza na utunze nakala. Wasipokujibu, nenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kama unafikiria kuvuka mpaka kwenda Kenya, Malawi au Zambia kwa gari, omba kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayotambulika nchi hizo, kwenye kampuni iliyokukatia bima, siku kadhaa kabla ya safari, ili usianze kuhangaikia bima ukiwa Tunduma na foleni ya malori.