Uzoefu wangu na spana ya baiskeli ya kukunja yenye kikata cheni (Moshi mpaka Chuga, yaani Arusha)

Nilinunua hii spana ya mfukoni hapa hapa Arusha mjini kwa elfu thelathini, ina alenki saba (zile funguo za pembe sita), bisibisi mbili na kile kidude cha kukatia cheni. Jina la kampuni sitaji maana hata kwenye mpini limeshafutika, na hilo nalo lihesabiwe kwenye maksi.

Tangu niinunue ilikuwa ya kukazia siti tu, Jumapili ndo nimeijua. Natoka Moshi narudi Chuga, kilomita 80 hivi, niko peke yangu maana jamaa niliyepanga naye alilala. Nimeshapita Boma Ng'ombe naitafuta njia panda ya KIA, ule uwanja wa ndege, si mnapajua pale, tambarare tupu, kivuli hamna, upepo unakupiga kifuani. Pembeni ya lami kuna kamba ya manila sijui ilidondoka kwenye lori gani, sikuiona, ikavutwa na derela ya nyuma (kile kidude kinachohamisha cheni kwenye gia), krrrk, tairi ikagoma na cheni pwaa chini. Kucheki, kile kichuma kinachoshika derela kwenye fremu kimepinda kwa ndani kinagusa spoku. Spoku zenyewe nzima, nashukuru Mungu.

Chalii wa boda akasimama. "Oya kaka, hiyo imeshakufa, tuifunge nyuma nikutupe Usa River, elfu kumi na tano." Nikamwambia ngoja kidogo arifu nijaribu, akazima pikipiki akakaa kuangalia sinema.

Derela ikishapinda hivyo unaachana nayo, unafupisha cheni unaipitisha moja kwa moja kwenye gia moja ya katikati huko nyuma, baiskeli inakuwa kama Phoenix ya babu. Kikata cheni kina skrubu yenye kisindano, unazungusha kinasukuma pini inayounga pingili za cheni. Sasa usiisukume ikatoka yote, iache inaning'inia kwenye bati la nje ili uweze kuirudisha, mimi ya kwanza ilidondoka kwenye vumbi ikabidi nikate pingili nyingine. Na hapa ndo malalamiko yangu, mpini ni mfupi na unajikunja wenyewe ukikaza, kiganja kimetoka lengelenge mpaka leo kinauma. Mara ya kwanza nikaweka gia ambayo cheni inakaa upande, kukanyaga tu ikapanda yenyewe kwenye gia kubwa ikakaza kama gitaa, nikakata tena nikahamia gia ambayo ukichungulia kwa nyuma cheni imenyooka. Kama dakika arobaini hivi. Chalii akacheka, "we fundi bana", akasepa, hata hela ya soda hakutaka.

Nikaenda na gia moja, vilima nashuka nasukuma, mpaka Maji ya Chai nikamkuta mzee fundi baiskeli chini ya mti. Shikamoo, marahaba, akaiangalia akauliza, "Vile vipande ulivyokata umevitupa?" Ninavyo mzee, viko mfukoni. Akanyoosha kile kichuma kwa spana malaya polepole, kidogo kidogo, jicho moja kafumba anapima na rimu, akaniambia hii ni aluminiamu, ikipinda tena inakatika, tafuta nyingine. Cheni akaiunga na vile vipande, akailaza juu ya nati kubwa, msumari alioukata ncha, nyundo tap tap, pini imerudi kabla sijamaliza maji. Elfu tano. Gia zote zikarudi isipokuwa ile kubwa kabisa, sikuigusa.

Kwa hiyo maksi natoa tatu kwa tano. Imenivusha, siwezi kuikana, ila ukinunua jaribu kwanza nyumbani na kipande cha cheni mbovu, usije ukajifunzia barabarani mabasi yanakupulizia vumbi. Halafu cheni yangu ni ya gia 8, kurudishia pini ileile inavumilika, nyie wenye gia 10 na 11 msijaribu, cheni zenu nyembamba, pini iliyorudishwa inaachia. Bora kubeba kile kiungo cha akiba unachofunga kwa mkono, ila kiwe cha idadi ya gia zako, cha 10 kwenye cheni ya 8 hakiingii. Mimi nimeshachukua changu, nimekibandika na selotepu chini ya siti. Na ile kamba ya manila niliikunja nikaja nayo, nafungia pampu.