Kuhama nyumba na kwenda Worldcon ndani ya mwezi mmoja: huduma nilizolipia na ninavyozipima

Mwandishi wa riwaya anayehama nyumba Uingereza halipii huduma moja. Analipia nne au tano zisizojuana: gari la mizigo, maboksi, uhamishaji wa barua, programu ya kuhifadhi kazi yake, na kwa sisi wa fantasia na hadithi za kisayansi, uanachama wa kongamano. Mwaka 2024 Worldcon, kongamano la dunia la wapenzi wa hadithi hizo linalobadilisha mji kila mwaka, ilifanyika Glasgow, tarehe 8 hadi 12 Agosti, kipindi ambacho wapangaji wengi nao wanabadilisha nyumba. Naipima kila huduma kwa kazi yetu. Mtu asiyeandika anaweza kuzipa nyota tofauti kabisa.

Gari na wabebaji, nyota 3 kati ya 5. Kampuni niliyoikodi inatoza kwa saa, vani ndefu na vijana wawili. Kochi, kitanda na friji vilifika bila mchubuko, hapo sina neno. Tatizo ni makadirio. Kwenye simu wanauliza idadi ya vyumba tu, na mwandishi wa chumba kimoja anaweza kuwa na uzito wa familia ya watu watano. Usiseme "vitabu kiasi". Pima rafu kwa futikamba: mita moja ya vitabu vya jalada laini ina kilo 15 hivi, vya jalada gumu ni zaidi. Wape idadi ya mita, ghorofa, kama kuna lifti, na umbali kutoka mlangoni hadi gari litakapoegeshwa. Asiyesema hayo huongezewa saa mbili juu ya bei, na wabebaji hununa kuanzia ngazi ya pili.

Watu wa nyumbani hupenda kutuita sisi wa ughaibuni wabeba maboksi. Basi tuyabebe kwa akili. Nunua boksi dogo la sentimita 45 kwa 30 kwa 30, kadibodi ya tabaka mbili. Ukilijaza vitabu mpaka juu linapita kilo 20. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza (HSE) unataja kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili, na kwenye ngazi hakuna anayebeba hivyo. Weka vitabu theluthi mbili, juu ujazie fulana na mashuka. Utapata boksi la kilo 15 hivi, na boksi moja litameza karibu mita moja ya rafu, kwa hiyo hesabu ya maboksi inatoka palepale kwenye futikamba. Boksi kubwa la nguo likijazwa vitabu hufunguka chini. Solotepu iwe ya upana wa milimita 48, chini upige mstari wa katikati na pande zote mbili hadi herufi H ionekane.

Vitabu vilale, au visimame kama rafuni. Kinachoharibu ni kukiweka kitabu uti ukitazama juu: kurasa zinaning'inia kwa uzito wake, gundi inaachia, na jalada gumu linabaki na bawaba iliyolegea. Gazeti lisigusane na jalada jeupe, wino wake unahama. Prufu (kurasa za kusahihishwa kabla ya kitabu kuchapwa) zenye alama za kalamu, daftari na mikataba visipande gari la kukodi hata kama kampuni ina bima. Bima hulipa thamani ya karatasi, haikuandikii sura ya saba upya.

Huduma ya Redirection ya Royal Mail, yaani posta ya Uingereza kukuletea barua za anwani ya zamani kwenye anwani mpya, naipa nyota 4, na ndiyo waandishi wengi wanaielewa nusu. Inauzwa kwa miezi 3, 6 au 12. Chukua 12. Wachapishaji wengi hutuma taarifa za mrabaha, yaani mgawo wa mwandishi kwenye mauzo, mara mbili kwa mwaka, ALCS, chama kinachowakusanyia waandishi fedha za kazi zao kunakiliwa, hufanya malipo yao makubwa mwezi Machi, na PLR, yaani fedha za vitabu kuazimwa maktaba, huhesabiwa mara moja kwa mwaka. Miezi 3 inaweza kupita bila barua hata moja ya maana, halafu zinazokuja baadaye zinaangukia kwa mpangaji mpya. Omba mapema, angalau siku 5 za kazi kabla.

Ina mipaka miwili inayotuhusu sisi hasa. Barua huhamishwa kwa majina yaliyoandikwa kwenye maombi, kwa hiyo mwenye jina la kalamu aulize jinsi ya kuliingiza, la sivyo barua za wasomaji na mialiko itabaki kule kule. Pili, huduma hii haigusi kampuni binafsi za vifurushi. Nakala za mwandishi, lile boksi kutoka kwa mchapishaji, mara nyingi huja kwa kampuni hizo. Andikia ofisi ya mchapishaji moja kwa moja. Kumwambia wakala wako wa vitabu peke yake hakutoshi, kwa sababu ghala la mchapishaji lina orodha yake ya anwani. Wengine wa kuwaarifu ni PLR, ALCS, HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) na benki. Mwenye kitabu kinachouzwa Marekani arekebishe pia W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa watu wa nje. Ukihama ndani ya Uingereza, mkataba wa kodi kati yake na Marekani unaendelea kukulinda na mrabaha haukatwi kodi kule. Ukirudi Tanzania au Kenya, nchi hizo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, na makato yanakuwa asilimia 30. Nani anakumbuka hilo siku ya kufunga mizigo?

Scrivener, nyota 4. Kama programu ya kuandikia riwaya naiamini. Hatari iko kwenye kuhama: mradi wake ni folda yenye vijifaili vingi, wala si faili moja. Ukizima kompyuta wakati Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, bado inapakia, kisha ukaufungua mradi kwenye mashine nyingine, unapata sura pungufu au nakala mbili zinazogombana. Funga programu kwanza, subiri alama ya kukamilika, ndipo uzime. Siku ya mwisho tengeneza nakala ya zipu, moja kwenye diski utakayobeba mwenyewe, nyingine mtandaoni. Nyumba mpya ikihitaji fundi wa laini, hesabu wiki mbili bila intaneti, na usipokee kazi ya mhariri yenye tarehe ndani ya wiki hizo.

Sasa uanachama wa kuhudhuria Worldcon: nyota 5, kwa anayejua anachonunua. Hununui tiketi tu, unakuwa mwanachama, na uanachama huo unaruhusu kupiga kura ya Hugo, tuzo za hadithi za kisayansi na fantasia. Waandaaji ni watu wa kujitolea, na hata wanaozungumza kwenye majopo hulipa. SEC, ukumbi wa Glasgow uliotumika 2024, una kituo chake cha treni, Exhibition Centre, cha pili ukitokea Glasgow Central. Kutoka London Euston treni ni saa nne na nusu hivi, na abiria anaruhusiwa mizigo mitatu bila malipo. Vitabu 20 vya jalada laini ni kilo 5 au 6. Vinakaa kwenye sanduku la magurudumu. Litenge kabla ya wabebaji kufika, ulifunge na kuliweka bafuni, kwa sababu kila kilichoko sebuleni kitapanda gari.

Usipeleke vitabu ukitarajia kuuza kwenye korido. Meza za ukumbi wa biashara hukodishwa miezi mingi kabla. Mwenye vitabu 20 aelewane na muuza vitabu mwenye meza, kwa mali kauli: yeye anakata asilimia 35 hadi 40, wewe unachukua vilivyobaki siku ya mwisho. Andikeni idadi na bei kwenye karatasi, msaini wote, na chini iwekwe anwani mpya. Kwenye jopo simamisha nakala moja tu mbele yako. Anayejenga ukuta wa vitabu vyake mezani huonekana mchuuzi.

Ukipewa nafasi ya kusoma, pima kwa saa. Kusoma kwa Kiingereza huenda maneno 150 kwa dakika. Kiswahili, kwa urefu wa maneno yake, karibu 110. Kwa dakika 25 za Kiswahili andaa maneno 2,500, uache pumzi kidogo ya maswali. Kwenye beji andika jina lililo kwenye jalada.

Kuhusu tarehe, hama siku 7 kabla ya kongamano na ulipe wiki moja ya kodi ya nyumba mbili. Kwa hesabu yangu ni nafuu kuliko stoo pamoja na kukodi vani mara mbili. Piga picha za nyumba ya zamani ikiwa tupu kabla ya kukabidhi funguo, maana mwenye nyumba akidai makato kwenye amana utakuwa kongamanoni kwenye foleni ya kusaini vitabu, na picha zako zitajibu badala yako.