Tangi la maji meusi nililosimikiwa Mwanza: tathmini baada ya miezi minane

Mwezi Februari nililipa shilingi 620,000 kwa duka moja la samaki wa mapambo lililoko katikati ya jiji la Mwanza ili linitengenezee tangi la maji meusi la sikilidi (samaki wa ukoo wa sato na perege) na kulisimika nyumbani kwangu Isamilo. Bei hiyo ilijumuisha tangi la kioo la lita 180, meza ya chuma, chujio, hita, pampu ya hewa, changarawe, kisiki, furushi la majani makavu na jozi moja ya samaki. Sasa ni Oktoba. Nimekaa na tangi hilo masika yote na kipupwe chote, nimepima maji yake karibu kila Jumamosi, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu duka hilo bado linauza huduma hiyo na watu wanaendelea kuiulizia.

Ni vema kueleza kwanza ni kitu gani nilichokuwa nanunua. Maji meusi ni maji ya mito na maziwa yanayopita katikati ya misitu, ambamo majani na magome yaliyoanguka huoza polepole na kuachia viini vinavyoyapaka maji rangi ya chai isiyo na maziwa. Mto unaotajwa zaidi ni Rio Negro wa Brazili, ambao jina lake lina maana ya mto mweusi, na karibu nasi zaidi liko Ziwa Mai-Ndombe la Kongo, ambalo jina lake kwa Kilingala lina maana ya maji meusi. Maji ya namna hiyo yana sifa tatu zinazokwenda pamoja: rangi ya chai, asidi, na uhaba mkubwa wa chumvichumvi. Katika Rio Negro pH, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, mara nyingi huwa kati ya 4 na 5, na sikilidi wengi wa huko, wakiwemo Apistogramma wadogo na diskasi wenye umbo la sahani, wameumbika kuishi na kuzaliana katika hali hiyo. Fundi anayekupa rangi peke yake amekupa theluthi moja tu ya ulichokilipia, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa dhidi ya duka hili.

Nianze na kazi ya kioo, kwa kuwa ni nzuri sana na ninaisifu bila kusita. Kioo ni cha milimita nane, kingo zimesagwa hadi hazikwaruzi kidole, na silikoni imepigwa kwa mstari mmoja uliotulia, usio na vipovu. Nilipofika dukani kulikagua, tangi lilikuwa limejazwa maji pomoni tangu siku mbili nyuma na gazeti kavu limetandikwa chini yake ili tone lolote lionekane, na gazeti halikuwa hata na doa. Fundi alinusa kona moja na kunieleza kwamba silikoni inayofaa hutoa harufu ya siki inapokauka, na kwamba tangi halitiwi samaki mpaka harufu hiyo iishe. Siku ya kusimika, alilaza pima maji juu ya meza mara nne, upande hadi upande, akachomeka kipande cha bati chini ya mguu mmoja, kisha akatandika foma nyeupe kabla ya kupandisha kioo. Lita 180 ni kilo 180 za maji kabla hujahesabu mawe na kioo chenyewe, na sakafu za nyumba zetu za mlimani haziko sawa kama tunavyodhani, kwa hiyo uangalifu wake ulinipa amani ya moyo ambayo ninayo hadi leo.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda kombo. Fundi alikuwa amekuja na samaki kwenye mfuko wa plastiki siku hiyo hiyo.

“Mwalimu, maji yakitulia saa moja yanatosha,” aliniambia.

“Hapana, kijana wangu,” nilimjibu. “Rudi nao dukani. Nitakuita chujio litakapokuwa tayari.”

Nilimkatalia kwa sababu tangi jipya halina bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa kawaida bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji la chujio. Lazima niseme kwa haki kwamba mwenye duka alikubali kunitunzia jozi yangu wiki tano bila kunidai senti, na alinipa kipande cha sponji kutoka kwenye tangi lake la zamani ili kuwapandikiza bakteria. Si maduka yote yangefanya hivyo.

Katika wiki hizo tano niliona jambo la ajabu. Majani yalikuwa ndani, kisiki kilikuwa ndani, lakini maji yalibaki meupe kabisa na pH haikushuka chini ya 7.6. Nilipofungua chujio nilikuta mfuko wa makaa maalumu ya kuchujia, ambayo kazi yake ni kunyonya rangi na harufu katika maji. Kwa hiyo majani yalikuwa yakitoa rangi na chujio likiimeza. Nilitoa mfuko huo, nikauacha sponji peke yake, na baada ya siku sita maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Ninaamini fundi alisahau tu, kwa maana ndivyo chujio hilo linavyokuja likiwa jipya, lakini mtu anayeuza maji meusi hana budi kulifungua kabla ya kulifunga kwa mteja.

Rangi ilikuja, asidi haikuja. Hili lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani, na Ziwa Viktoria lina maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, kwa hiyo sisi tuna bahati ambayo watu wa miji yenye visima vya maji magumu hawana. Nilipopima ugumu wa kabonati, ambao hapa huhesabiwa kwa nyuzi zisizo za joto, kwa vipimo vya matone, maji ya bomba yalitoa nyuzi 3, lakini maji ya tangi yalitoa nyuzi 9. Kitu fulani ndani ya tangi kilikuwa kinaachia chokaa majini. Niliteka changarawe kiganjani, nikaitandaza kwenye sahani nyeupe na kuidondoshea siki ya jikoni. Chembe za kijivu hazikufanya chochote. Zile nyeupe, nyembamba na zenye mkunjo mdogo zilianza kutoa povu mara moja, na nilipoziinua kwenye mwanga nikazitambua: yalikuwa maganda ya konokono yaliyosagika, aina ile ile ambayo wafugaji wa kuku wa mayai huchanganya kwenye chakula cha kuku ili ganda la yai liwe gumu. Changarawe ilizolewa ufukweni ikiwa nayo.

Msomaji anayetaka kuanza na ajifunze hapa. Maganda ya konokono, matumbawe na mawe ya chokaa huongeza ugumu, na ugumu huo huikamata asidi ya majani kila inapotoka, hivyo hata ukitia gunia zima la majani utapata chai ya rangi isiyo na ukali. Mawe yetu ya Mwanza, haya majabali ya granaiti yanayosimama kila mlima na yanayoingia mpaka ziwani, hayana tabia hiyo, na kwa tangi la maji meusi ni salama. Nilitoa changarawe yote kwa siku mbili, nikaweka mchanga mweupe niliouosha mara kumi na kuujaribu kwa siki, na juu yake mawe matatu ya granaiti niliyoyaokota nyuma ya nyumba. Kasoro ile ilikuwa na faida moja, nayo ni kwamba bakteria wa chujio hufanya kazi polepole sana pH inaposhuka chini ya 6, kwa hiyo walijaa vizuri wakati maji bado ni ya alkali. Nikianza tangi jingine nitafuata mpangilio huo kwa makusudi: bakteria kwanza, majani baadaye.

Duka lilipokea lawama yangu kwa adabu na kurudisha gharama ya changarawe. Halikurudisha siku mbili za kazi yangu.

Masika yalipokolea nilianza kukinga mvua. Niliacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha nikachanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Ugumu ukakaa kati ya nyuzi 1 na 2, na pH ikatua kwenye 6.2. Sikutafuta 4 ya Rio Negro, na simshauri anayeanza kuitafuta, kwa sababu ugumu ukifika sifuri pH inaweza kuporomoka usiku mmoja ukaamkia samaki wanaohema juu juu.

Furushi la majani ndilo bidhaa ambayo sitainunua tena, ijapokuwa si mbaya. Ni majani ya mti wa mkungu, yaliyofungwa kumikumi na kuuzwa shilingi 5,000, na mkungu umejaa katika viwanja vya shule na mitaa ya jiji hili. Ninaokota yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka na kuwa ya kahawia, mbali na barabara yenye moshi na mahali panapopuliziwa dawa ya wadudu. Ninayasugua kwa maji matupu, ninayamwagia maji ya moto, na kutia jani moja kwa kila lita 30. Siku ya kwanza huelea kama mitumbwi, siku ya tatu huzama, na baada ya wiki chache hubaki mishipa tu kama wavu mwembamba sana. Nimetumia pia majani makavu ya mpera, ambayo hutoa rangi nyepesi zaidi.

Sasa samaki. Muuzaji alipendekeza furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, akisema kwamba ni sikilidi wa nyumbani na ni ukoo mmoja na hao wa Brazili. Ukoo ni mmoja kweli, kama ulivyo mmoja na sato na perege, lakini ushauri wake ulikuwa mbaya. Furu ni samaki wa maji yanayoelekea alkali. Isitoshe, majike wa furu wengi humchagua dume kwa rangi yake, na maji ya kahawia humeza mwanga wa buluu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, kutokana na kazi iliyofanywa katika ziwa letu hili, ulionyesha kwamba maji yanapochafuka na mwanga kupungua, majike hushindwa kuwatofautisha madume na aina za furu huanza kuchanganyika. Samaki ambao tayari wameteswa na sangara tangu miaka ya 1980 hawastahili kutiwa kwenye chai. Anayewapenda furu, nami nawapenda, awajengee tangi lao lenye mawe na maji angavu.

Nilichukua badala yake kribensis, sikilidi mdogo wa kusini mwa Nigeria na pwani ya Kamerun, ambaye huvumilia makosa ya mwanafunzi. Dume wangu ana urefu wa kidole cha kati, na jike ni mfupi, mnene, mwenye tumbo la zambarau. Nyumba yao ni kifuu cha nazi nilichokitoboa mlango kwa msumeno mdogo. Hita ya dukani, wati 100, haikutosha: usiku mmoja wa Juni maji yalishuka hadi nyuzi 22, nikanunua ya wati 200, na tangu hapo yanakaa kwenye 26. Pampu ya betri kwa siku ambazo umeme unakatika nayo nilijinunulia, na sielewi kwa nini haimo kwenye kifurushi chao.

Agosti jike alitoweka ndani ya kifuu kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja nilimwona akitoka polepole, tumbo likiwaka, na nyuma yake wingu la vitu vidogo kama punje za ulezi vikirukaruka juu ya jani la mkungu. Vilikuwa vikidonoa utando laini unaoota kwenye jani linalooza, chakula ambacho sikuwanunulia. Dume alizunguka mbele yao kama mlinzi wa getini. Hao vifaranga wamekua, na walio wengi ni madume, jambo linalolingana na linalojulikana kuhusu kribensis, kwamba maji yenye asidi huongeza idadi ya madume.

Kwa kazi ya kioo, kusimika na moyo wa kuwajibika, duka hili ninalipatia alama za juu kabisa. Kwa ujuzi wa maji, bado. Anayekwenda huko alipie tangi, meza na samaki, akatae changarawe na furushi la majani, aende na chupa ndogo ya siki mfukoni, na adai samaki watunzwe mpaka chujio liwe hai. Kuna huduma nyingine moja ambayo hawaitangazi na inafaa ijulikane: wanapokea vifaranga. Wiki iliyopita niliwapelekea kumi na wanane, maana tangi langu limejaa na samaki mgeni hapelekwi ziwani hata awe mmoja. Waliwahesabu mbele yangu, wakawatia kwenye tangi ambalo sasa nalo lina majani, na wakanipa badala yake chakula cha miezi miwili.