Jioni ya kula Huimin Jie, Xi'an

Huimin Jie ni mtaa wa Waislamu wa Kihui, yaani Wachina wa kabila la Hui, katika mji wa Xi'an, China, nyuma tu ya Mnara wa Ngoma uliojengwa mwaka 1380. Nimeshakwenda mara tatu. Kwetu tunaokula halali, ni faraja kubwa: baada ya siku nyingi za kuuliza kila sahani imetiwa nini, hapa karibu kila mlango una maandishi ya qingzhen, yaani halali, na unakula umetulia.

Jua likizama, moshi wa makaa ndio unaokupokea. Mishkaki ya kondoo inanyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili ya unga ikiwa bado motoni. Mimi nimekulia karibu na Forodhani, mishkaki naijua, na hii naipa heshima yake.

Lakini kilichonikaa moyoni ni yangrou paomo, supu ya kondoo yenye mkate wa kumega. Unaletewa bakuli na mikate miwili migumu, unaimega mwenyewe. Nilianza na vipande vikubwa, kama vya kuchovya kwenye chai. Mama mmoja wa meza ya jirani akatikisa kichwa, akachukua kipande, akakifinya kwa kucha hadi kikawa kama punje ya soya, akanirudishia bakuli. Nikamega karibu nusu saa. Kisha likapelekwa jikoni, likapikwa kwa supu ya kondoo, likarudi na vitunguu saumu vya achari tamu na pilipili ya kusaga. Mkate ulikuwa umeshiba supu bila kuwa uji. Ndipo nikamwelewa yule mama.

Kibanda kimoja cha barabara kuu kiliniudhi. Bei iliyoandikwa kwenye halua ya karanga nilidhani ni ya jin, nusu kilo. Kumbe ni ya liang, gramu 50, na kipande kilikuwa kimeshakatwa na kupimwa. Nililipa mara kumi ya nilivyopanga. Kwa hiyo uliza kipimo kabla kisu hakijashuka. Malipo karibu yote ni ya simu, Alipay au WeChat, kwa hiyo iandae mapema.

Barabara kuu imejaa watalii na bei zake ni za watalii. Pindia mitaa ya Dapiyuan au Sajinqiao, ambako wenyeji wenyewe wanakula. Nilimalizia na shizi bing, vitumbua bapa vya tunda la shizi (persimmon) vilivyokaangwa, ndani vimejazwa kokwa za jozi (walnut) na sukari. Ngoja vipoe kidogo. Nilinunua viwili, nikarudi kuongeza vinne vya njiani.