Yamepangwa, au tunachagua?

Kwenye vijiwe vya kahawa Dodoma ubishi huu hauishi: mahindi yakikauka, ilikuwa lazima iwe hivyo, au mkulima angeweza kuchagua mtama?

Kwa ushahidi, "yamepangwa" ilitamba tangu mwanahisabati Mfaransa Laplace, 1814: anayejua hali ya kila chembe na nguvu zote anaijua kesho yote. Fizikia ya kwanta, ya chembe ndogo mno, ikaitikisa. Chukua atomu ya urani, madini yaliyotafutwa hadi Bahi, Dodoma: itavunjika lini? Nadharia inakupa uwezekano tu, si saa. Ila mwaka 1952 mwanafizikia Bohm alipata majibu yaleyale kwa kanuni zisizo na bahati nasibu, kwa gharama ya chembe kuathiriana papo hapo hata zikiwa mbali. Kwa hiyo wanaodai kwanta imethibitisha hiari, yaani kwamba tunachagua kweli, wanaharakisha. Isitoshe, bahati nasibu si hiari, kete haichagui.

Kwa uwajibikaji, hiari inaongoza, maana mahakama na ahadi vinaiegemea. Kwa huruma naona "yamepangwa" inashinda.

Unapanga mbegu za msimu? Shika hiari. Unajilaumu kwa ukame uliokwisha pita? Msikilize Laplace kidogo.