Dodoso la VIA kwa waalimu wa wodini: tathmini kutoka Bukavu

Kwa mwalimu wa udaktari hapa Bukavu anayetaka kuanza na uwezo wa mwanafunzi badala ya mapungufu yake, dodoso la VIA (Values in Action), linaloonyesha sifa njema za tabia ya mtu, ni chombo kizuri, tena cha bure. Lina maswali 96, huchukua kama dakika 15, na lipo kwa Kifaransa. Matokeo hupanga sifa 24, ya kwanza ikiwa ile inayojitokeza zaidi. Ripoti ndefu hulipiwa. Usiinunue, orodha inatosha.

Tatizo huanzia chini ya orodha. Sifa ya 24 si udhaifu. Orodha humpima mtu kwa nafsi yake, haimlinganishi na mwenzake, kwa hiyo kuitumia kuamua mwanafunzi gani apangiwe idara ya upasuaji ni kumdhulumu kijana.

Kabla ya mzunguko wa asubuhi wa kuona wagonjwa wodini, mwanafunzi ataje sifa moja na mahali atakapoitumia, mfano udadisi anapochukua historia ya mgonjwa. Mwangalie dakika 10, kisha taja tendo lenyewe: "Ulimuuliza mama mtoto alikojoa saa ngapi mara ya mwisho, hapo ndipo upungufu wa maji ulipoonekana." Kusema "umefanya vizuri" pekee hakumfundishi kitu.

Lakini sifa haifuti kosa. Mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, ni miligramu 180. Akiandika 810, msahihishe papo hapo, kabla dawa haijatolewa. Sifa ya kumsaidia kuhakiki hesabu mtaitafuta baadaye.

Dodoso lijazwe mahali penye intaneti imara, kila mmoja kwa barua pepe yake.